Kuita Mbwa Mlimani

Asubuhi ile niliondoka Kabimba bila kumuaga mtu. Sikuwa najificha, hakukuwa na wa kumuaga. Nilikuwa nimepakia chokaa kwenye malori muda wa kutosha kujua yote niliyotaka kujua kuhusu chokaa: namna jiwe linavyochomwa, kwa nini unga wake ukimwagiwa maji unachemka wenyewe bila moto, na kwa nini wapakiaji hujipaka mawese mikononi kabla ya kugusa gunia. Nikishajua mambo ya mahali, miguu huanza kuniwasha. Nilifunga shati langu la pili ndani ya kitambaa, nikatoka hadi barabarani. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linaelekea Kalemie.

"Unaenda wapi?" msaidizi wa dereva aliniuliza kutoka juu ya mizigo.

"Mbele."

"Mbele njo wapi?"

"Pale munafika."

Akacheka, akanipa mkono, akanivuta juu ya magunia.

Kalemie nilikuwa nimeipita mara kadhaa, lakini nilipoteremka sikuitambua upande wa chini. Mvua ilikuwa imepiga msimu mzima, mto ukavunja kingo zake, na ziwa nalo likapanda na kukataa kushuka. Mitaa iliyokuwa karibu na maji ilibaki mapaa na vichwa vya mageti. Mitumbwi ilipita juu ya barabara, na wenye kupiga kasia waliendelea kuita mahali kwa majina ya zamani: hapa kwa fundi wa cherehani, hapa kwa famasi, nani anashukia kwa famasi? Abiria mmoja akasema yeye, akashuka, maji yakamfika kifuani.

Nilisimama pale nikitazama hadi nikasikia sauti.

"Weye unayeangalia! Hiyo macho yako inaweza kuvuta?"

Alikuwa mama mtu mzima, mnene kidogo, amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, ameshika geti la chuma lililong'olewa pamoja na nguzo yake moja. Nyuma yangu, penye nchi kavu, mbwa wengi walikuwa wamefungwa kwa kamba kwenye shina la mti, wote wakimtazama yeye.

"Macho haina nguvu, Mama," nikamjibu. "Lakini niko na mikono."

"Basi lete mikono. Macho uache pale, zichunge imbwa."

Tulilitoa geti. Kisha tukalipandisha mlimani, yeye mbele na mimi nyuma, mbwa wakituzunguka na kamba zao zikitunasa miguu. Njia nzima nilimuuliza maswali. Mbwa hawa ni wa nani? Wanakula nini? Geti la nini kama ukuta hakuna?

"Weye ni polisi?" akaniuliza.

"Hapana, Mama."

"Ni muntu wa redio?"

"Hapana."

"Basi ni ugonjwa," akasema, akaendelea kupanda. Lakini alinijibu.

Alikuwa ametoka kaskazini ya ziwa akiwa bado msichana, akaja kufanya biashara ya samaki. Mbwa walimfuata kwa ajili ya matumbo ya samaki, na yeye hakuwafukuza. Watu walipoona hafukuzi, wakaanza kumletea: anayehamia Lubumbashi, ambaye mbwa wake amemuuma jirani, ambaye mbwa wake amezaa wengi. Uwanja wake kando ya ziwa ukawa makao ya mbwa, paka waliojileta wenyewe, na mbuzi mmoja aliyevunjika mguu. Wenyeji walipaita kwa mama wa imbwa. Maji yalipokuja yalichukua mabanda yote, na baada ya hapo wavuvi wakawa wanamletea mbwa wengine waliowakuta juu ya mapaa na juu ya takataka zinazoelea. Alikuwa amepoteza makao siku zile zile ambazo mji mzima ulikuwa unamletea wageni.

Kanisa lake lilimpa parsele mlimani, kipande cha ardhi chenye mteremko ambacho hakuna muumini aliyekitaka. Pale palikuwa na uzio wa matete, banda dogo la mabati la kuwekea vitu, na shimo la udongo lililoanza kuchimbwa. Alitaka kujenga ukuta na vyumba vya mbwa kwa matofali ya kuchoma kabla ya mvua kurudi. Nikamwambia matofali nayajua, nilijifunza Nyunzu.

"Unajua kweli, ao unajua kwa kuuliza?"

"Kweli, Mama."

Akanipa kona katika lile banda la mabati, na mkeka. Nikabaki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi tunamwaga maji shimoni na kukanyaga udongo hadi uwe laini kama bukari, ule ugali wetu, iliyoiva. Kisha mimi najaza kalibu ya mbao, napangusa juu kwa mkono wenye maji, naigeuza, naivuta. Tofali linabaki chini, bichi, linang'aa. Tunalifunika kwa majani lisipasuke kwa jua. Shida yetu ilikuwa mbwa: walipenda kutembea juu ya matofali mabichi kwa sababu ya ubaridi wake. Mwanzoni nilikuwa naukanda upya udongo kila walipokanyaga. Baadaye nikaacha, na matofali mengi ya ukuta ule yana alama za nyayo.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi na binadamu. Maneno yake aliyatumia kwa mbwa. Aliwagombeza, aliwauliza kama wamelala vizuri, alimtania mmoja kwamba anatembea kama mheshimiwa. Kwangu alisema ongeza maji, shika hapa, kula. Jioni alishuka kwenda kulala kwa dada wa kanisani, kwani nyumba yake nayo ilikuwa majini, nami nikabaki na mbwa. Nilikaa kwenye rundo la matofali nikiangalia moshi wa mji na ziwa lililoenea mahali lisipotakiwa. Majirani walinisalimia kwa mbali. Hawakuniuliza nilikotoka, na mimi niliyezoea kuuliza watu sikujua namna ya kujieleza bila kuulizwa. Siku nyingine neno langu la mwisho lilikuwa lile la kumwambia Mama mpaka kesho, na jua lilikuwa bado juu.

Kilichonifurahisha pale, na kilichonisikitisha pia, kilikuwa namna watu walivyokuja kutafuta mbwa wao.

Huku kwetu, mbwa anaweza kupewa jina kama mtu mwingine anavyoandika barua. Una neno na jirani yako, lakini huwezi kumwambia usoni, kwani mnachota maji bomba moja na mnaimba kwaya moja. Basi unalifanya neno hilo kuwa jina la mbwa. Jioni unasimama mlangoni unaita: Watachoka! Watachoka, kuya hapa! Jirani anasikia. Hawezi kukushitaki, kwa sababu wewe umeita mbwa. Naye akiwa mtu wa majibu, atatafuta mbwa wake na kumpa jina la kukujibu.

Mama hakuuliza karatasi, na hakukubali mtu aonyeshe kwa kidole. Aliyekuja alisimama nje ya uzio wa matete, mahali ambapo mbwa hawakumwona, akaita. Mbwa atakayeamka na kuja ni wake.

"Kila muntu atasema ile ya kahawia ni yake," aliniambia. "Aite. Tutaona nani anaamka."

Kwa hiyo watu walipanda mlima, wakasimama kwenye matete, wakapaza sauti ugomvi wao wa zamani. Sikuombi! Angalia Yako! Watachoka! Nilisimama na kalibu mkononi nikisikiliza. Wale walioambiwa maneno hayo walikuwa wametawanyika, wengine kambini, wengine kwa ndugu zao Nyunzu na Kabalo, wengine ng'ambo Kigoma. Nyumba zilizotazamana zilikuwa chini ya maji pamoja, ya aliyesema na ya aliyeambiwa. Maneno yakabaki kwa mbwa tu.

Siku moja alikuja mwanamke mwembamba, akaita, "Jenga Yako! Jenga Yako!" Mbwa mweupe mwenye masikio meusi akainua kichwa, akaangalia uzio, akakaa tena. Akaita mara ya pili. Mbwa akaenda polepole, akamnusa kupitia matete, akasimama bila kutikisa mkia.

"Haikujui vizuri," Mama akamwambia.

"Inanijua. Si mimi mwenye kuipa jina." Yule mwanamke akainamisha macho. "Mimi njo ilikuwa inaambiwa."

Mama akasogea kwenye geti.

"Alijenga nyumba ya matofali," mwanamke akaendelea, "mimi yangu ya udongo. Nilisema maneno kidogo juu ya nyumba yake, kweli nilisema. Akaleta imbwa. Kila jioni, Jenga Yako, Jenga Yako, mpaka nikazoea. Sasa yeye ameenda Kigoma, hana namba. Muniachie hata imbwa."

Mama alifungua geti, lile tulilolitoa majini, ambalo wakati huo lilikuwa limeegemezwa tu kwa mawe. Mbwa akamfuata yule mwanamke kuteremka mlima, nyuma kidogo, kama anayefikiria.

Kila mbwa aliyeondoka aliacha kimya fulani mahali pake, hadi wakabaki wale ambao hawakuja kuitwa na mtu. Kati yao alikuwemo mmoja mzee, mkubwa, wa rangi ya majivu, macho yote mawili yamefunga ukungu mweupe. Alikuwa akilala mbele ya mlango wa banda langu, na nilizoea kumruka asubuhi. Huyo jina lake lilijulikana. Wavuvi waliomleta walikuwa wamemkuta juu ya kifusi, amezungukwa na maji, na kwenye mtumbwi mwingine uliokuwa unasogea mbali kulikuwa na mzee anayepiga kelele kuwaelekea: Utakufa Utaacha! Utakufa Utaacha! Wavuvi walidhani anawalaani kwa sababu hawakumchukua yeye, na mmoja wao akamjibu kwamba na wewe utakufa. Ndipo wakaona mbwa kipofu anageuza kichwa kila jina linapofika, akijaribu kuingia majini kuelekea sauti.

Ule mtumbwi ulikwenda wapi, hakuna aliyejua. Mama aliamini yule mzee yuko hai na atapanda mlima siku moja.

Kila alasiri, kabla ya kushuka, Mama aligawa bukari na vichwa vya ndagala, na alimwita kila mbwa kwa jina lake, au lile alilompa yeye, aje kwenye bakuli. Alisema mbwa asipoitwa, jina linamtoka. Yule kipofu alimwita wa mwisho, na kwa kuwa masikio nayo yalikuwa mazito, alimwita kwa nguvu zote za mwanakwaya. Utakufa Utaacha, kuya! Mbwa akaja, pua mbele, hadi bakulini.

Kilichotuponyoka ni kwamba upande wa pili wa matete kulikuwa na mgonjwa.

Tulijua kuna nyumba. Tulijua kuna Papa, mzee wa nyumba hiyo, ambaye hatoki. Lakini Mama alikuwa anatoka chini, kwenye mitaa ambayo kila mtu anajua mbwa wa kila mtu, na pale mlimani hakuna aliyemjua yeye wala mbwa wake. Wao walisikia tu kwamba mama mgeni amepewa parsele, na tangu afike, kila siku jua likiinama, anasimama kwenye uzio wa mtu anayekaribia kufa na kumpigia kelele kwamba atakufa, na ataacha.

Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, alikuja na mke wa mgonjwa na majirani wachache. Tukawapa matofali makavu wakalie. Shefu alikuwa na kofia mkononi na alionekana anatamani kuwa mahali pengine.

"Mama," akaanza, "tumekupokea vizuri hapa."

"Kabisa, Shefu."

"Hatukusema kitu juu ya kelele. Hatukusema kitu juu ya harufu."

"Harufu tutasema siku ingine," jirani mmoja akadakia, na wengine wakacheka kidogo.

Mke wa mgonjwa hakucheka. "Muulize ni nani alimutuma," akasema. "Nani alikupa hayo maneno, Mama? Walikulipa nini?"

Mama alishtuka kweli. Ilibidi niseme mimi, kwa sababu yeye alikuwa amefungua mdomo tu. "Mama, ni imbwa. Ni jina ya imbwa."

"Imbwa gani?"

Nikataka kumwita aje waone, nikakumbuka nitakachokuwa nimesema, nikafunga mdomo. Jirani yule yule akacheka hadi akashika tumbo. Nikaenda kumkokota mbwa kwa shingo.

Shefu alimtazama mbwa, akamtazama Mama. "Basi ni kitu kidogo. Mubadilishe jina."

"Hapana," Mama akasema.

"Mama!"

"Shefu, hii imbwa haioni. Mwenyewe iko mahali, muzee, anatafuta. Akipanda hapa atasimama pale ataita. Imbwa isipoamuka, mimi nitajuaje ni yeye? Na yeye atajuaje ni imbwa yake?"

"Yeye anatafuta imbwa," mke wa mgonjwa akasema, sauti ikipanda. "Na mimi ninatafuta nini? Kila jioni nakaa na muntu wangu, namupa uji, na ninyi munaita kifo."

Hapo hakuna aliyecheka. Shefu akasimama, akavaa kofia. Alisema hataki ugomvi kwenye avenyu yake. Imbwa ile iende, ao imbwa zote ziende, na kanisa litafute parsele pengine. Ukuta ukifika kimo cha mabati atarudi kuangalia.

Mama alikanyaga udongo alasiri nzima bila kusema na mtu, hata na mbwa. Kuhama tena kulimaanisha kuacha matofali, shimo, tanuru tuliyokuwa tumeanza kuipanga, na mvua ilikuwa njiani. Mbwa aliobaki nao hawakuwa na pengine.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa peke yangu, nafunika matofali, nikasikia mtu anakohoa ng'ambo ya matete.

"Weye wa tofali. Kuya."

Mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba barazani, amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Mke wake alikuwa sokoni. Nilimsalimia, nikamwomba atusamehe.

"Nisamehe nini? Si ni kweli?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi nimwinue. "Nitakufa, nitaacha. Nitaacha nini? Kitanda na redio haina betri. Jioni nikisikia munaita, najua nimemaliza siku ingine."

"Lakini Mama wa hapa amekasirika, Papa."

Akageuza uso kuelekea uwanja wake. "Yeye haogopi imbwa. Anaogopa ndugu zangu. Walikuya hapa, wakapima parsele kwa miguu, kona mpaka kona, na mimi nimelala hapa hapa nawaangalia. Hatukuzaa. Siku nikienda, watamutoa. Sasa imbwa ikiitwa, yeye anasikia ni wale wanamuambia." Akafunga macho. "Mimi ninacheka. Yeye njo atabaki."

Nilirudi kwenye kalibu yangu. Hadi siku ile nilikuwa nimemwona mke wake kama mtu asiyejua mzaha.

Nikajaribu ujanja mmoja. Mbwa mwenye masikio mazito hasikii maneno, nilifikiri, anasikia mwendo wa sauti, kupanda na kushuka. Wakati Mama hayupo nilianza kumwita Utakula Utashiba, kwa wimbo ule ule. Mara ya kwanza aliinua kichwa. Mara ya pili alisimama, akaja nusu ya njia, akasimama tena, pua hewani, akasubiri kitu kilichokosekana. Niliposhika bakuli na kuligonga, akaja. Baada ya siku kadhaa alikuja bila bakuli. Nilifurahi kuliko ilivyostahili, nikamwonyesha Mama.

Alitazama yote hadi mwisho. Kisha akakaa chini kwenye matofali.

"Umeifundisha vizuri," akasema. "Sasa kila muntu ataiita, itakuya. Nikiimba nyimbo itakuya. Muzee akifika na akaita, nitajua nini? Umeniharibia, mwanangu."

Ndiyo mara pekee aliyoniita mwanangu. Niliacha ule mchezo. Mama akamwita mbwa kwa jina lake, lakini kwa kunong'ona, amepiga magoti, mdomo sikioni mwake, ili jina lisitoke wala lisivuke matete.

Ukuta ulipanda. Tulichoma matofali, nyumba za jirani zikajaa moshi, tukasamehewa kwa sababu kila mtu huchoma matofali. Ulipofika kimo cha kifua changu, nikaanza kuangalia barabara. Nilikuwa nimekwisha kujua yote ya pale, na miguu ilikuwa inaniwasha. Lakini safari hii niliona njia ya kuondoka inayomfaa mtu.

"Mama, nitaenda na ile imbwa muzee," nikamwambia.

"Kwenda wapi?"

"Sijajua. Mbele."

"Mbele haina avenyu. Muzee akikuya nimuambie imbwa yake iko mbele?"

Nikaokota kalibu, nikaanza kuiosha.

Mama alikwangua udongo uliokauka kwenye mkono wake hadi ukaisha. Mwishowe akasema, "Jina yake usiguse. Uiite hivyo hivyo. Na ukifika, ukipata pa kulala, unapiga simu unaniambia ni wapi. Si muji tu. Nyumba. Muzee akikuya nitamutuma pale. Ukihama, unapiga tena. Kila ukihama."

Nikakubali. Nilikuwa nimehama mara nyingi tangu niache shule kwa kukosa minerval, ile ada, na hakuna aliyewahi kuhitaji kujua nyumba. Nilisema ndiyo haraka, kama mtu anayekubali kubeba kitu kabla hajakiinua.

Tuliondoka kwa boti la mbao linalokwenda Moba. Mbwa alilala katikati ya madumu ya mawese, akitetemeka kila wimbi lilipotupiga ubavuni, na mimi nilikaa nimemshika shingo. Abiria waliniuliza kama namuuza. Moba nilikuta wachuuzi waliokuwa wameteremsha ng'ombe na sasa wanapanda tena Pepa na lori tupu. Ng'ombe wengi wa pamoja nilikuwa sijawahi kuwaona, nikawaomba nafasi. Barabara ilipanda hadi masikio yakaziba. Hewa ikawa baridi, miti ikaisha, yakabaki majani tu na vilima vinavyofuatana. Ndani ya lori kulikuwa na harufu ya ng'ombe waliokwisha kwenda. Mbwa alinusa sakafu yote, ubao kwa ubao, kisha akaegemea mguu wangu.

Pepa walinielekeza kwa mama mmoja mjane anayeuza maziwa, mwenye chumba nyuma ya nyumba kilichokuwa cha wachungaji. Alikuwa amejifunga blanketi mabegani. Alinitazama, akamtazama mbwa.

"Inauma?"

"Haioni, Mama."

"Sikuuliza kama inaona."

"Haiumi."

"Inaitwa nani?"

Nilimwambia, na nikamwambia sababu kabla hajakasirika. Hakukasirika. Alisema hapa nakaa peke yangu, hakuna wa kumuudhi, iite tu. Akanifungulia chumba. Kulikuwa na kitanda cha miti, jiko la mawe matatu, na dirisha dogo lililozibwa kwa ubao. Nilitandika majani makavu kwa ajili ya mbwa karibu na mawe ya jiko, nikawasha moto, akajizungusha mara mbili tatu, akalala.

Simu yangu haikushika hadi nilipotoka barabarani. Nikampigia Mama.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Imekula?"

"Imekula. Na huko?"

"Shefu alikuya. Akazunguka ukuta, akatuangalia, akaenda. Kesho mabati inapanda." Nyuma yake nilisikia nyundo, na mbwa wakibweka ndani ya kitu chenye mwangwi, yaani kuta. "Papa wa jirani anauliza imbwa ilienda wapi. Anasema jioni imekuwa ndefu." Akamgombeza mbwa mmoja. "Uko wapi?"

"Pepa."

"Pepa kubwa. Nyumba gani?"

Nilikuwa nimeingia na kutoka bila kuitazama. Nikamwambia asubiri. Nikarudi nyuma hadi upande wa pili wa barabara, nikasimama pale ambapo mzee anayepanda kwa miguu angesimama, nikaangalia. Nikaanza kumweleza: paa la majani, lakini jiko lina bati moja jipya. Kabla ya kufika, zizi lenye uzio wa miti. Baada yake, kilima chenye mawe. Yeye alirudia kila neno polepole, kama anayefundishwa wimbo.

"Chumba chako kiko mbele ao nyuma?"

"Nyuma."

"Akisimama barabarani akiita, imbwa itasikia?"

Nilitazama umbali kutoka barabarani hadi ule ukuta wa nyuma. Nikamwambia ashike simu, asikate. Kisha nikamwita mbwa kwa jina lake.